Sekunde Tisa Kila Nukta Elfu Sita

Simu ya dada yangu haijazimika tangu afariki. Kila asubuhi mama huichomeka pembeni ya redio, huvuta kiti na kuingoja ijae, kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Wiki ya pili baada ya mazishi nilimwambia hakuna haja.

"Ikizimika," alisema, "mtu akipiga ataambiwa hapatikani."

Nilimpa waya wa chaji. Siku zile sikuwa na jibu la swali lolote, hata nikiulizwa kama nataka sukari kwenye chai.

Watu walisema nina moyo wa jiwe. Niliwasikia kwa masikio yangu siku ya msiba, shangazi na jirani yetu, wakimenya vitunguu nyuma ya mlango: "Huyu mdogo mtu hajatoa hata chozi." Walikuwa wakilia wao, vitunguu vikiwasaidia. Mimi sikulia, na wala sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nimekufa ganzi. Unajua mguu ulioukalia muda mrefu: unauona, unajua ni wako, ukiufinya haujibu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na kichwa pia.

Dada alikwenda hospitali Jumanne kwa miguu yake, mkoba wa kompyuta begani, akaniambia nifunike karatasi za printa zisishike unyevu. Alhamisi tuliitwa kwenda kumchukua. Karatasi nilikuwa nimezifunika.

Kazi yetu, na sasa niseme yangu, ni kuchapa vitabu vya wasioona. Karakana ina vyumba viwili. Cha mbele ni cha kukata karatasi na kujalidi, na kuna meza ya msahihishaji. Cha nyuma ni cha printa. Hii si printa ya wino. Ni dude lenye ukubwa wa jeneza, na ndani yake mna vinyundo vya chuma arobaini, kila kimoja kidogo kuliko njiti ya kiberiti, vinavyogonga karatasi nene mpaka itoe nundu. Ikifanya kazi, chumba kizima kinalia kama bati lililopigwa na mvua ya mawe. Wageni huziba masikio. Sisi tulijifunza kugombana kwa kusomana midomo.

Kompyuta haijui kuzungumza na dude kama hilo hivi hivi. Lazima katikati yao kuwe na mkalimani, programu inayoitwa draiva. Kompyuta inasema "andika nane," draiva inaigeuza kuwa lugha ya vinyundo. Na lugha hiyo anaijua aliyeitengeneza printa tu. Kiwanda kilichotuuzia kilitoa draiva moja, mara moja, ikiwa imefungwa: unaitumia, lakini huruhusiwi kuona ndani mna nini. Sisi tunatumia mfumo huria, ule ambao msimbo wake, yaani maandishi ya ndani ya programu, uko wazi kwa kila anayetaka kuusoma na kuutengeneza, kwa sababu ni wa bure na kwa sababu dada alikuwa na kichwa kigumu. Mfumo ule hubadilika kila baada ya miezi michache. Draiva ya kiwanda haikubadilika. Ikafika siku tukasasisha mfumo, na printa ikageuka kabati.

Tukafanya wanavyofanya wote waliofikwa na hilo: tukatafuta kompyuta kuukuu, tukairudishia mfumo wa zamani, tukaibandika karatasi iliyoandikwa USIGUSE. Ilikaa hivyo miaka. Kila Januari dada aliwaandikia kiwandani kuwaomba waufungue msimbo wa draiva yao. Barua kumi na moja. Nilimwambia anampigia mbuzi gitaa. Alisema mbuzi naye ana masikio.

Huku akiwangoja, alianza kuandika yake. Alikuwa akikaa pale nyuma akitazama kompyuta kuukuu inapeleka nini kwa printa, na printa inafanya nini, akiandika kwenye madaftari ya shule: nikituma hii inasogeza karatasi, nikituma hii inagonga, nikituma hii inakoroma na haifanyi kitu. Miaka minne. Mistari elfu mbili mia moja na arobaini. Ikakubaliwa kuingia kwenye kiini cha mfumo, yaani kwenye kompyuta yoyote duniani yenye mfumo ule, hata ya mtu ambaye hataiona printa ya nukta nundu maisha yake yote.

Aliyeikubali ni mzee mmoja wa mbali anayelinda upande ule wa kiini. Hatujawahi kuonana naye. Dada alimwita Bawabu, maana hakuna kinachopita bila yeye kukigeuza kwanza juu chini. Walibishana kwa barua miezi saba kabla hajamfungulia mlango. Ndani ya kiini kuna faili refu la majina, kila kipande cha msimbo na mtunzaji wake, na dada aliandika jina lake kisha chini yake la kwangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kulisha karatasi, kujaribu kila toleo jipya na kuripoti kilichovunjika. Msimbo nausoma kama mtu anayesoma barua ya mkwe: taratibu, nikirudia mistari.

"Unaniweka wa nini?" nilimuuliza.

"Nikifa utarithi nini kwangu? Mabegi?" alisema, akacheka peke yake.

Baada ya mazishi, meneja wa karakana alielekeza barua pepe za kazi za dada ziingie kwangu. Siku ya hamsini na tatu iliingia moja kutoka kiwandani. Mhandisi wa kule alimwandikia dada kwa furaha tele. Alisema uongozi umebadilika, kwamba barua zake zilikutwa zimehifadhiwa zote kumi na moja, na kwamba wameamua kuufungua msimbo wa draiva. Wameiandika upya, inafaa matoleo yote matatu ya printa zao, kuna watu wawili wameajiriwa kuitunza, na tayari wameipeleka kwa Bawabu. "Umeshinda," alimwandikia.

Niliisoma nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Nikamaliza chai. Nikaenda kukata karatasi.

Mchana Bawabu naye aliandika. Yeye hana maneno mengi. Alisema mashine moja haiwezi kuwa na draiva mbili ndani ya kiini, kila kompyuta itababaika imchague nani. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hakusema hivyo, nasema mimi, lakini ndiyo maana yake. Ya kiwanda inaonekana nzuri. Je, mtunzaji anakubali ya kwake iondolewe? Apewe jibu kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata, mlango ukifungwa utafunguliwa tena baada ya miezi miwili.

Nilimjibu kwamba mtunzaji amefariki, na aliyebaki ni mimi. Jibu lilirudi ndani ya saa mbili. "Nimesikitika. Alikuwa anajua kubishana. Sasa nakuuliza wewe."

Jioni nilimkuta mama akipanguza kioo cha ile simu kwa upindo wa kanga.

"Ile kazi ya dada yako bado ipo?" aliuliza. Alikuwa akiuliza hivyo mara moja kwa wiki. Hakuwa anajua draiva ni nini. Alichokijua ni kwamba binti yake ametengeneza kitu kidogo kimeingia kwenye kompyuta za dunia nzima, na kwamba kimo bado.

"Ipo, mama."

"Basi vizuri," alisema, akairudisha simu mahali pake.

Jumatatu niliijaribu draiva ya kiwanda. Meneja alisimama nyuma yangu akiangalia saa. Tulikuwa tunachapa kitabu cha hesabu cha darasa la nne, na printa ilikimbia kama imetoroshwa. Kurasa arobaini kwa muda ambao ya dada ingechapa ishirini na sita. Haikusimama hata mara moja. Meneja alinipiga begani.

"Umeona? Tutamaliza vitabu vya muhula kabla ya muhula!"

"Nimeona."

"Sisemi vibaya, na dada yako Mungu amrehemu, alifanya makubwa. Lakini ya kwake ilikuwa inasinzia."

Hilo hata mimi nililisema, tena mbele ya dada mwenyewe. Kila kurasa mbili draiva ya dada ilikuwa inanyamaza. Unasikia mvua ya mawe imekatika ghafla, unangoja, unangoja, kisha inaanza tena. Niliona ni kasoro, kitu alichoshindwa kukimaliza na hataki kukiri. Jumatatu ile, siku moja kabla ya hospitali, tulikorofishana kwa ajili hiyo. Nilimwambia, "Draiva yako inalala kazini. Ondoa hicho kitu."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na polepole haina wateja."

Kwa kawaida angecheka. Hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake karibu na printa, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake kama alivyozoea. Nikamtania kwa midomo, kelele zikiwa juu: homa imepanda? Hakuniangalia.

Niliyakumbuka hayo nikiwa nimesimama na meneja. Nilijua yanatakiwa kuniuma. Nilingoja yaniume, hayakuniuma, nikabeba kurasa arobaini nikampelekea msahihishaji.

Msahihishaji wetu tunamwita Vidole. Haoni tangu utotoni, ana miaka hamsini na kitu, na hakuna kitabu kinachotoka mlangoni bila kupita mikononi mwake. Husoma akiwa ameinua uso kuelekea dari, vidole vikitambaa, na maneno hayamwishi kinywani. Kwenye msiba ndiye pekee ambaye hakuniambia nijikaze. Alikaa pembeni yangu akala wali wake, akaomba na wangu.

Nilirudi chumba cha nyuma kuandika jibu kwa Bawabu. Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Niliandika kabisa: nakubali, iondolewe. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza. Ndipo niliposikia Vidole ananiita.

"Mdogo wangu! Kitabu hiki kimeandikwa na nani?"

"Na watu wenye akili zao, kaka Vidole. Kwani vipi?"

"Basi walianza wakiwa wazima. Ukurasa wa tatu wanasema saba na moja ni nane. Nikakubali. Sasa niko wa kumi na nne, wanasema saba na moja ni mbili."

Niliutazama ukurasa. Nane ilikuwa nane. Nukta tatu, nilizihesabu kwa macho.

"Ni nane hiyo, kaka."

"Kwa macho yako. Funga."

Nilifunga. Alinishika kidole cha shahada, akakivuta juu ya mstari. Nilisikia nukta mbili zimesimama upande wa kushoto. Ya tatu, ya kulia, ndiyo inayoifanya nane kuwa nane. Niliitafuta kwa ncha ya kidole na sikuikuta. Nilipofungua macho ilikuwepo, kivuli cha nundu, haijainuka.

"Na huku chini ni hivyo hivyo," alisema. "Tano zimekuwa moja. Mtoto akisoma hiki atapigwa viboko vya bure."

Tulirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, yeye akisoma, mimi nikiandika. Za mwanzo zilikuwa safi. Makosa yalianza ukurasa wa saba, machache, mwishoni mwa ukurasa. Yakazidi. Ukurasa wa thelathini na tano haukuwa kitabu tena. Kisha tulichukua nakala ya mwaka jana, ile iliyochapwa kwa draiva ya dada, kurasa mia mbili na kumi. Alianza mwisho kwenda mwanzo, kwa makusudi, kama anayetafuta mwizi.

"Huyu hakuchoka," alisema alipomaliza.

Nilikwenda kuufungua msimbo wa dada. Sikuwa nimeufungua tangu Jumanne ile. Maelezo ya kati ya mistari ameyaandika yote kwa Kiingereza kama sheria ya Bawabu inavyotaka, isipokuwa sehemu moja, ambayo sijui ilimpitaje yule mzee. Pale palipokuwa na ule usingizi niliougombania, ameandika kwa Kiswahili:

Subiri. Vinyundo vikichoka vinadanganya.

Chini yake hesabu. Draiva inahesabu kila nukta iliyogongwa, zikifika elfu sita inasimama sekunde tisa, kisha inaanza kuhesabu upya. Basi. Nilitoa madaftari yake kabatini. Kurasa kumi na nane ni za joto tu. Hakuwa na kipimajoto kinachoingia mle ndani, kwa hiyo alitumia kiganja: vuguvugu, moto, moto sana, siwezi kuweka mkono. Mbele ya kila neno idadi ya nukta, na mbele yake kile Vidole alichomwambia: safi, safi, imefifia, hakuna. Alijaribu sekunde nne, sita, saba, nane. Tisa ilipigiwa mstari mara mbili.

Nilimuuliza Vidole kama alijua.

"Alikuwa ananiletea kurasa, ananiambia soma, usiulize. Nilidhani ananipima mimi!"

"Mbona hakuniambia?"

"Wewe? Wewe si ulikuwa unamwambia inalala?"

Nilimwandikia mhandisi wa kiwandani, na kesho yake alijibu kwa unyenyekevu. Printa zao mpya zina kifaa ndani kinachopima joto na kupunguza mwendo wenyewe. Ya kwetu ni toleo la kwanza, halina kifaa hicho, na waliolitengeneza wamestaafu. Ndani ya ile draiva ya zamani iliyofungwa hakukuwa na mapumziko yoyote, alikwishaangalia. Aliuliza: dada aliijuaje namba hiyo?

Yaani hata ile kompyuta ya USIGUSE ilikuwa ikidanganya miaka yote ile. Tulikuwa tukiwarudishia waandishi makosa ambayo hawakuyafanya.

Sasa nilikuwa na sababu ya kukataa, tena sababu ya kweli. Ningemwandikia Bawabu, hapana, ya kiwanda inaharibu vitabu, tubaki na ya dada. Angekubali, ni mtu wa haki. Jina la dada lingebaki kwenye faili la watunzaji na mimi jioni ningesema "ipo" bila kumdanganya mama. Nilikaa na wazo hilo Jumanne nzima na nusu ya Jumatano.

Lakini najua kusoma hata kama nasoma taratibu. Kiini kinabadilika kila baada ya miezi michache, na kila kikibadilika lazima mtu aikalie draiva airekebishe. Mtu huyo alikuwa dada. Mimi nisingeweza. Ningeibeba mara moja, mara mbili, ya tatu ingeniangusha, na printa ingegeuka kabati tena, na safari hii kungekuwa hakuna wa kukaa miaka minne. Ya kiwanda ina watu wawili wanaolipwa kuiangalia. Ingemfaa kila mwenye printa ya namna ile, wala si sisi peke yetu. Na dada mwenyewe ndiye aliyewaomba. Barua kumi na moja.

Meneja alikuja kuuliza tumefikia wapi. Nilimweleza habari za nane na mbili, za joto, za sekunde tisa.

"Sekunde tisa kila kurasa mbili!" alisema. "Haiwezi kuwa tano?"

"Tano itakupa vitabu vya uongo."

"Mimi nasema tu. Dada yako hayupo, wenzetu wapo, na wameleta kitu cha kisasa. Asiyekuwapo na lake halipo."

Hakuwa na nia mbaya. Nilimwomba atoke, na nadhani nilimwomba kwa sauti, kwa sababu Vidole aliacha kusoma.

Kwa hiyo Alhamisi mchana niliandika viraka viwili. Kiraka ndicho wanachokiita badiliko unaloliomba kuingizwa: linaonyesha mistari inayotoka na inayoingia, na juu yake maelezo. Cha kwanza kilikuwa kifupi kuandika. Unataja faili, unasema liondoke. Kompyuta yenyewe ikaorodhesha mistari elfu mbili mia moja na arobaini, kila mmoja na alama ya kutoa mbele yake. Nilishusha ukurasa mpaka mwisho. Ilichukua muda. Nilipopita pale penye Kiswahili nilisimama, kisha nikaendelea.

Cha pili kiliingiza mapumziko kwenye draiva ya kiwanda, kwa printa za toleo la kwanza tu. Mistari kumi na tisa. Maelezo yake niliyaandika kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka. Halafu nikarudi nikaweka juu yake yale maneno ya dada kama yalivyo. Bawabu akitaka ayafute mwenyewe.

Ilibaki sahihi. Kila kiraka lazima kiwe na sahihi ya aliyekitengeneza, na nilikuwa nimemuuliza Bawabu kama naweza kutia ya dada. Alikataa. Sahihi, aliniandikia, ni ahadi kwamba nikiulizwa nitajibu, na hakuna anayeweza kumwekea mwenzake ahadi hiyo. Jina lake litahamishwa kutoka kwa watunzaji kwenda kwenye orodha ya waliojenga, ndivyo wanavyofanya kwa wote waliotangulia. Lakini chini ya kiraka upo mstari wa kumtaja aliyegundua jambo. Hapo, alisema, anaruhusiwa.

Nikatia sahihi yangu kwenye vyote viwili. Kwenye cha pili, juu yake, nikaandika: aliyegundua, jina la dada, na anwani yake ya barua pepe. Kila jina lazima liwe na anwani. Ya kazini ilikuwa inaingia kwangu, nikaona ni upuuzi kuandika anwani inayonirudia mwenyewe, na vidole viliandika ile niliyoizoea, ya kwake binafsi, niliyokuwa nikimtumia vichekesho wakati wa mikutano. Sikufikiri. Ni kumbukumbu tu, nilijiambia, jina la kwenye kibao. Nikabonyeza, viraka vikaondoka, nikageuka kuanza kukichapa upya kitabu cha hesabu kwa draiva mpya, ikiwa na mapumziko ya zamani.

Zilipita dakika tatu hivi. Simu yangu iliita. Mama hapigi saa za kazi hata nyumba ikishika moto.

"Simu ya dada yako imelia," alisema.

"Imelia vipi?"

"Imelia! Mara mbili. Imelia, ikanyamaza, ikalia."

"Umeangalia ni nani?"

"Siishiki. Imewaka taa, ipo hapo mezani. Nani anamtafuta?"

Nilikuwa bado sijaelewa. Nikageukia kompyuta, nikaona orodha ya waliotumiwa. Bawabu, mhandisi, mimi, na ile anwani ya dada, ambayo barua zake huingia kwenye simu yake. Programu ya kutuma viraka haichagui. Inasoma kila jina lililotajwa ndani ya viraka vilivyotumwa pamoja na kumpelekea mwenyewe nakala ya kila kimoja. Dada ndiye aliyenifundisha kuitumia, na hilo aliniambia siku ya kwanza: uwe mwangalifu unamtaja nani, maana itamfikia.

"Mama," nilisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyemwandikia."

Niliibana simu sikioni, nikasikia redio nyuma yake, mtu anasoma habari. Kisha redio ikazimwa.

"Sikukusudia," nilisema. "Kompyuta inampelekea kila aliyetajwa."

"Kwa hiyo umemtaja."

"Nimemtaja."

"Umemwambiaje?"

Ningeweza kumficha. Barua zilikuwa kwa Kiingereza cha viraka, asingejua. "Ya kwanza inasema ile kazi yake tumeiondoa, mama. Kwenye zile kompyuta zote. Haipo tena. Wamekuja wenyewe walioitengeneza printa, wameleta ya kwao."

"Yote?"

"Yote."

 Nilimsikia anavuta kiti.

"Na ya pili?"

Printa ilikuwa inagonga nyuma yangu, ikabidi niseme kwa sauti, na nilitaka kuisema kwa sauti ndogo. "Ya pili inasema kuna kitu chake kimebaki ndani ya hiyo mpya. Sehemu ya kupumzisha vinyundo. Tuligombana mimi na yeye kwa hicho. Inasema alikuwa sahihi yeye, mimi ndiye niliyekosea."

"Ulimwambia akiwa hai?"

"Hapana, mama."

"Basi sasa imemfika," mama alisema. "Mimi hapa nimeisikia ikilia."

Nyuma yangu nukta elfu sita zilitimia tena na printa ikanyamaza. Nilinyoosha mkono nikaweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa cha moto, moto sana kama alivyoandika, na nilisikia ule moto kabisa, kwenye ngozi, kisha mkononi, kisha ukapanda. Nilikuwa nimesahau kwamba mguu ukitoka ganzi huuma kwanza, unauma mpaka unataka kuukata.

"Upo?" mama aliuliza.

"Nipo, mama," nilisema, kisha vinyundo vikaanza kugonga tena, na sidhani kama alisikia kilichofuata.